Abu Umayr na Ndege Wake: Maneno Yetu Mbele ya Mtoto Mgonjwa

   



Usama bin Zayd (R.A.) anasimulia kisa ambacho Bukhari na Muslim wote wamekipokea. Binti mmoja wa Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kwa baba yake kumweleza kwamba mwanawe anakata roho, naye anamwomba aje. Mtume akamrudishia salamu, na pamoja na salamu akampelekea maneno ambayo hayana mfano katika kufariji: kwamba alichokichukua Allah ni chake na alichokitoa ni chake, kila kitu kina muda wake mbele Yake, basi asubiri na atarajie malipo. Binti akatuma tena, safari hii akimwapia baba yake kwamba lazima aje. Mtume akainuka. Akafuatana na Sa'd bin Ubada, Mu'adh bin Jabal, Ubayy bin Ka'b, Zayd bin Thabit na wengine. Akapewa mtoto mikononi, na pumzi za mtoto zilikuwa zinakoroma kama maji ndani ya kiriba kikuukuu. Macho ya Mtume yakabubujika machozi. Sa'd akashangaa, akauliza ni nini hiki. Akajibiwa kwamba hiyo ni rehema ambayo Allah ameiweka katika nyoyo za waja Wake.

Tazama mpangilio wa kisa. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa kweli tupu, na hakuna khatibu atakayewahi kusema kilicho bora kuliko ule. Lakini mama yule alimtaka baba yake. Na baba, ambaye ni Mtume wa Allah, hakumwambia kwamba ameshajibiwa. Alikwenda, akampakata mtoto, akalia mbele ya watu wazima wanne wanaotajwa kwa majina. Washereheshaji wamejadili kwa nini hakwenda mara ya kwanza, na sitaingia huko. Ninachotaka kusema ni kwamba sisi wengi, tunapozuru wagonjwa, tunaubeba ule ujumbe wa kwanza tu na tunaishia hapo.

Jumuiya yetu, kama jumuiya nyingi za wanafunzi wa Kiislamu hapa Uganda, ina desturi nzuri ya kwenda hospitali. Tunachangishana, tunanunua sabuni, sukari, maziwa na biskuti, tunapanda basi. Wodi ya watoto huwa na vitanda vingi na sisi tuna saa moja. Kila kitanda kinapata dakika mbili: salamu, zawadi, "Subira, mama, huu ni mtihani," picha ya kikundi cha WhatsApp, kitanda kinachofuata. Mtoto mwenyewe mara nyingi hasemeshwi. Anatazamwa.

Katika kikao kimoja cha maandalizi, kaka yetu mmoja wa udaktari aliuliza swali kwa nia njema kabisa. Alisema wao wa tiba, uuguzi na famasia wana la kufanya wodini, lakini sisi wa masomo ya insia, yaani dini, fasihi, historia na lugha, tunakwenda kufanya nini zaidi ya kubeba mifuko? Watu walicheka. Swali lakini ni zuri, na ni la zamani kuliko chuo chetu.

Mnakumbuka Hadithi ya Anas bin Malik (R.A.) kuhusu mdogo wake, Abu Umayr. Alikuwa mtoto mdogo na alikuwa na kindege alichokuwa akicheza nacho. Kindege kikafa. Mtume (S.A.W.) alipowatembelea akamkuta mtoto ana huzuni, akauliza ana nini, akaambiwa. Ndipo akamwita kwa kunya yake, kama anavyoitwa mtu mzima, akamuuliza habari za kindege kile, kwa maneno mawili ya Kiarabu yenye vina ambayo mtoto angeweza kuyacheza mdomoni. Basi. Hakuna hukumu iliyotamkwa pale, wala halali na haramu.

Sasa, walikuwepo watu zamani waliowacheka wanazuoni wa Hadithi kwamba wanasimulia mambo yasiyo na faida, na wakaitoa Hadithi hii kama mfano: mtoto na ndege, mna nini hapo? Ibn al-Qass, faqihi wa madhehebu ya Shafi'i aliyefariki mwaka 335 Hijria, akaandika risala nzima kuhusu Hadithi hiyo moja na kutoa ndani yake faida 60. Ibn Hajar ameizungumzia katika Fathul Bari. Kwa hiyo kaka yetu wa udaktari asidhani ameanzisha mjadala mpya. Jibu lilishatolewa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na lilitolewa kwa kusoma kisa kifupi polepole, jambo ambalo ndilo kazi yetu sisi wa insia.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Waswahili wana neno moja, hadithi, kwa kile anachosimulia bibi jikoni na kile alichopokea Bukhari kwa isnadi. Tunawatenganisha kwa herufi kubwa, na ni sawa kuwatenganisha, kwa sababu kimoja ni wahyi na kingine ni ngano. Lakini aliyesikia tangu utotoni mtu mzima akisema "Hadithi! Hadithi!" na watoto wakiitika "Hadithi njoo!" anajua tayari kwamba kuna elimu isiyoingia mpaka msikilizaji aiitike.

Inasikitisha kwamba habari za Abu Umayr haziishii kwa ndege. Ibn Hibban na wanazuoni wengine wamesema kwamba yeye ndiye yule mtoto wa Abu Talha na Umm Sulaym aliyeugua akafa wakati baba yake hayupo. Kisa hicho tunakihutubia sana. Abu Talha aliporudi akauliza hali ya mtoto, na Umm Sulaym akamwambia ametulia kuliko alivyokuwa, neno la kweli lenye pande mbili. Akampa chakula, wakalala pamoja. Kisha, katika mapokezi ya Muslim, akamuuliza: watu wakiazima kitu chao kwa jamaa fulani, halafu wakakitaka, je, jamaa wale wana haki ya kukizuia? Akasema hapana. Ndipo akamwambia amtarajie malipo mwanawe.

Khatibu hufika hapo akashuka mimbarini. Lakini kisa kinaendelea: Abu Talha alikasirika. Alikasirika akaenda kumshitakia Mtume (S.A.W.), naye akawaombea baraka katika usiku wao ule, wakazaa mtoto mwingine, na mtu mmoja wa Ansar akaja kusema kwamba aliona watoto tisa katika kizazi hicho, wote wamehifadhi Qur'ani. Mfano wa kitu cha kuazimwa ni mfano bora, na hata hivyo baba aliyefiwa aliusikia akakasirika, na Mtume hakumkemea kwa hasira yake. Mimi naona tunapoiruka hasira ya Abu Talha tunawanyang'anya wazazi waliofiwa sehemu yao katika kisa hiki.

Nitasema kidogo la nyumbani kwetu, kwa kuwa jambo lenyewe linadai. Mdogo wangu wa kike alikuwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita siko seli. Maumivu yake yalipokuja hakuweza kuyaeleza kwa namba wala kwa "kidogo" na "sana". Alisema wamekuja watu wa nyundo. Walikuwa watu kamili hao: wana mkubwa wao, wana siku zao za mapumziko, hawapendi uji wa moto. Wahudumu wengine walitabasamu wakaandika "maumivu" na kuendelea. Usiku mmoja nesi wa zamu, mama wa makamo, alikaa ukingoni mwa kitanda akamuuliza: "Mwanangu, hao watu leo wanafanya kazi wapi?" Akajibiwa kwamba wameacha miguu, wamepanda kifuani, wanaziba mlango. Nesi yule hakucheka. Alipima pumzi zake, akamwita daktari wakati uleule, kwa sababu mtoto wa selimundu anayeumwa kifua na kushindwa kupumua ni mtoto wa kukimbiliwa. Tulipewa miaka miwili zaidi naye, alhamdulillah. Namweleza kaka yangu wa udaktari: ile ilikuwa tiba, na ilipitia katika ngano.

Miezi yake ya mwisho, siku moja alimuuliza mama nani atauchukua mkoba wake wa shule. Mama hakumwambia "Usiseme hivyo, utapona." Alimuuliza, "Wewe ungependa auchukue nani?" Akamtaja binti ya mjomba. Wakazungumza kuhusu mkoba mpaka akalala.

Nilipofika chuo ndipo nikasoma kwamba kuna mwanaanthropolojia wa Marekani, Myra Bluebond-Langner, aliyekaa hospitalini na watoto wenye saratani ya damu, wenye umri wa miaka 3 hadi 9, akawasikiliza wakicheza na kuzungumza, na mwaka 1978 akachapisha kitabu kuhusu aliyoyaona. Madaktari na wazazi hawakuwa wamewaambia watoto wale kwamba watakufa. Watoto walijua. Walikusanya habari kipande kwa kipande: dawa gani mwenzao alipewa kabla hajatoweka, kwa nini mama analia akitoka nje. Na kwa kuwa watu wazima walijifanya hakuna kitu, watoto nao wakajifanya hakuna kitu, ili wazazi wao wasiondoke. Nadhani hilo ndilo jambo zito kuliko yote nililolisoma katika miaka yangu ya chuo: mtoto wa miaka mitano anambebea mzazi wake siri ya kifo chake mwenyewe. Halikugunduliwa kwa darubini. Liligunduliwa na mtu wa insia aliyekaa sakafuni.

Na dini yetu ina la kusema kuhusu kuwadanganya watoto, hata kwa wema. Katika Sunan Abi Dawud, Abdullah bin Amir anasimulia kwamba mama yake alimwita akiwa mtoto, akamwambia njoo nikupe kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwa ameketi nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akamwambia kwamba kama asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Tende moja! Sisi tunaingia wodini na kumwambia mtoto asiyeweza kuinua shingo kwamba kesho atacheza mpira. Simaanishi tumtangazie mauti. Hilo ni la wazazi wake na madaktari wake, na lina wakati wake. Lakini mama aliyeuliza "Ungependa auchukue nani?" hakusema uongo na hakumwacha mwanawe peke yake.

Baada ya mazishi nyumba ilijaa. Allah awalipe wema waliokuja kutuhani, waliochota maji na kupika. Ila kila mama alipoanza kusimulia habari za marehemu, palikuwa na mtu wa kumkatiza: nyamaza, usiseme sana, utamkasirisha Mola. Siku ya tatu akaja jirani yetu mzee ambaye wote tunamwita Jaja. Akakaa mkekani, akamuuliza mama, "Alikuwa anapenda kula nini?" Mama alizungumza mpaka adhana ya Alasiri. Alicheka mara mbili.

Hapa tupambanue hukumu, maana watu huchanganya. Kilichokatazwa kinajulikana: kuomboleza kwa mayowe, kujipiga mashavu, kuchana nguo, kusema maneno ya kumpinga Allah katika kadari Yake. Machozi hayamo. Huzuni ya moyo haimo. Mwaka wa 10 Hijria mwana wa Mtume, Ibrahim, alikuwa anakata roho akiwa bado ananyonya, na Mtume (S.A.W.) alilia hadi Abdurrahman bin Awf akamuuliza, "Hata wewe?" Jibu lake mnalijua: hiyo ni rehema, jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, na ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola. Ulimi unasema, basi. Haukufungwa. Tena yeye mwenyewe alieleza, kama alivyopokea Bukhari, kwamba mwanawe ana mnyonyeshaji Peponi. Ni habari ya ghaibu, na ni habari ya mtoto yule hasa: aliyekatizwa kunyonya, anamaliziwa kunyonya.

Nabii Ya'qub (A.S.) ni ushahidi mwingine. Sura ambayo Allah ameiita simulizi bora kabisa ina aya 111, na ni simulizi ya baba aliyepotelewa na mtoto. Macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Watu wa nyumbani kwake walimlaumu kwamba haachi kumtaja Yusuf hata ajiangamize. Aliwajibu kwamba masikitiko yake anamshitakia Allah, naye anajua kwa Allah wasiyoyajua wao. Ni yeye huyuhuyu aliyesema atashika subira njema. Kwa hiyo subira njema na kulitaja jina la mtoto miaka na miaka vilikaa katika kifua kimoja, na Qur'ani haikuona mgongano.

Sasa, mtu asije akadhani nasema kila hadithi ni dawa. Siku ile ile aliyofariki Ibrahim jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Hebu fikiria hadithi hiyo ilivyokuwa tamu kwa baba aliyefiwa: mbingu nzima imemlilia mwanao. Mtume (S.A.W.) akaikataa hadharani, akasema jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Alikuwa na msiba wake mwenyewe siku hiyo. Ya'qub naye aliletewa hadithi, na ushahidi juu yake, kanzu yenye damu ya uongo, na aliikataa.

Wazazi wa watoto wagonjwa huletewa hadithi za namna hiyo kila siku. Mtoto amerogwa na shangazi. Mama alifanya nini ujanani? Waliosoma riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, Things Fall Apart, watamkumbuka Ekwefi, aliyezaa watoto kumi wakafa tisa, na jamii ikamwambia ni mtoto mmoja mwovu anayekuja na kuondoka. Maiti ya mmoja wao ilikatwakatwa ili asirudi. Wapo watafiti waliosema imani hiyo huenda ilikuwa namna ya watu kueleza selimundu kabla hawajaijua. Maelezo ya kisayansi yanamwondolea Ekwefi uongo. Lakini riwaya ndiyo inayotuonyesha uongo ule ulimfanya nini alipompakata mtoto wa kumi akiogopa kumpenda. Na sisi Waislamu tunayo habari ya tatu, ya ndoto ya Mtume aliyoisimulia Samura bin Jundub katika Bukhari: bustani, na ndani yake Nabii Ibrahim (A.S.) mrefu mno, amezungukwa na watoto wengi, ndio waliokufa katika fitra. Mtoto hatangitangi, wala harudi kulipiza kisasi. Yuko kwa babu.

Waliotutangulia hawakuona haya kuandika haya. Tauni kubwa ilipoingia Misri na Sham katika miaka ya 1347 na 1348 na kurudi tena na tena, ikiua watoto wengi, wanazuoni waliandika vitabu maalumu vya kuwaliwaza wazazi. Ibn Abi Hajala aliandika, al-Manbiji aliandika, kisha Ibn Nasir al-Din wa Dimashqi ambaye anwani ya kitabu chake ina maana ya kupoza maini kwa kufiwa na watoto, na baadaye Suyuti. Ukivifungua utakuta aya, Hadithi, fiqhi, visa na mashairi katika kurasa zilezile. Hawakumpeleka mzazi idara moja kwa ajili ya hukumu na nyingine kwa ajili ya moyo. Idara ni jambo letu sisi.

Hapa kwetu Uganda, mwaka 1957 pale Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya, akaanza kuuliza na kusafiri hospitali baada ya hospitali mpaka saratani ile ikajulikana, na leo inaitwa kwa jina lake. Wengi wanaougua ni watoto, na wengi hupona wakiwahi. Wanaochelewa huchelewa kwa sababu nyingi, nauli ikiwa mojawapo, na nyingine ni hadithi walizoambiwa kijijini kuhusu jino bovu au jicho la hasidi. Mwanafunzi wa Kiswahili au wa dini anayejua kukaa na bibi, kusikiliza hadithi yake hadi mwisho, kisha kumpa nyingine ya kweli bila kumvunjia heshima, ana kazi ya kufanya kabla hata ya basi la hospitali kuondoka.

Nimezungumza na amiri wa ziara. Jumamosi ijayo baada ya Adhuhuri tutakwenda wodi ya watoto, na safari hii kila wanafunzi wawili watapewa vitanda vitatu, si wodi nzima. Picha hazitapigwa. Dada wawili wa idara ya fasihi wameandaa ngano fupi, nyingine za Kiluganda, nyingine za Kiswahili, na wa udaktari watatuelekeza nani asiguswe na nani amechoka. Anayekwenda ajifunze kwanza jina la mtoto, na kama mtoto ana mdoli, kigari au paka nyumbani, aulize habari zake. Mzazi akianza kusimulia, muda ni wake. Vitabu vya picha na kalamu za rangi vikabidhiwe msikitini kwa ndugu mweka hazina kabla ya Ijumaa Magharibi.

Wabillahi tawfiq.